Namtafuta Aliyeleta Vibanio

Usiku wa manane niliamka kwenda msalani. Taa sikuwasha, nisije nikawakatisha watu usingizi, na huruma hiyo ndiyo iliyoniponza. Hatua ya tatu tu, unyayo ukatua juu ya kibanio cha nywele, kile cha meno, kimelala chali kinywa wazi kama mamba anayeota jua. Yowe nililolipiga liliamsha nyumba nzima. Wakaja wote mbio, na swali lao likawa moja: "Hakijavunjika?"

Mguu hakuna aliyeuuliza.

Nyumbani kwangu tuna vichwa vinne vyenye nywele, cha mke wangu na vya mabinti watatu. Changu kilishastaafu zamani. Lakini niambieni kwa nini pini nazikuta mimi: ndani ya kiatu, mfukoni mwa shati langu, kwenye tundu la maji bafuni. Mipira ya nywele imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango kama hirizi. Halafu ngoja asubuhi ya shule ifike, hakuna hata kimoja kinachoonekana. "Baba, umeona kibanio changu?" Kana kwamba mimi ndiye nilalaye nacho!

Nikasema hapana, haya mambo lazima yana mwenyewe. Nikaweka mguu wangu kwenye stuli, nikachukua simu, nikaanza kumtafuta mhusika, angalau nikilaani nilaani kwa jina.

Wa kibanio cha meno sikumsaka sana: Mfaransa, Christian Potut, mwaka 1986. Nikakiokota kile kilichonijeruhi nikakikagua. Vitana viwili vinatazamana, katikati kuna springi. Ukibonyeza masikio, kinywa kinafunguka. Ukiachia, kinang'ata na hakisemi samahani. Utadhani jamaa kamtazama kaa, akaona huyu anafaa kukaa kichwani kwa watu. Nikaandika jina lake kwenye karatasi, nikalipigia mstari mara mbili.

Binti wa kati akanichungulia begani. "Na skranchi je, Baba?"

Skranchi ni ule mpira uliovishwa kitambaa kikakunjamana, ukiuona sakafuni gizani unadhani panya. Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza kuyeyuka, na mimi sikutaka ziyeyuke. Mwenyewe ni mama mmoja wa Marekani, Rommy Hunt Revson, aliyekuwa akiimba kwenye vilabu vya usiku New York. Vifungio vya enzi zake vilikuwa vya plastiki na chuma, vinamkwanyua nywele. Mwaka 1986 akaitazama suruali yake ya lastiki kiunoni, akajiuliza: kama hii inanibana kutwa nzima na hainiumizi, kwa nini kichwa kiteseke? Akatafuta cherehani iliyokwishatumika, na kushona kwenyewe ndio kwanza anajifunza. Kitambaa unakikata kirefu kuliko lastiki; lastiki ikijivuta, kitambaa kinajikunja chenyewe, na nywele zinagusa kitambaa tu. Raba ukali wake inaumalizia humo humo ndani. Mwaka 1987 akapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, wengine wasimwige.

Na jina je? Alikiita kwa jina la mbwa wake, Scunci. Mbwa, jamani! Miaka yote hii naingia chini ya kitanda kwa magoti, mtu mzima na mvi zangu za kidevuni, kumbe naita mbwa wa watu.

Nikasoma tena nikakuta mama wa watu alihangaika na kesi za kuitetea hataza hiyo miaka na miaka. Utamlaanije mtu kama huyo? Nikamfuta. Tena hata wa kwanza hakuwa yeye, maana kuna Philips Meyers aliyepata hataza ya kitu cha namna hiyo mwaka 1963. Nikarudi nyuma zaidi, kwenye raba yenyewe, nikafika London, tarehe 17 Machi 1845, kwa Stephen Perry, aliyepewa hataza ya mpira wa raba wa kufungia. Huyu naye alitaka kufunga karatasi na bahasha! Kichwani raba ilijipeleka baadaye, kama mgeni asiyealikwa, ikakaa mazima.

Mke wangu akanitazama na ile karatasi yangu ya watuhumiwa. "Mzee, si ungewasha taa tu?"

Sikumjibu.

Kesho yake kazini tukawa na kikao. Bosi akauliza nani atasoma taarifa ya mwezi, nikanyoosha mkono. Kimya. Nikatazama wanakotazama: kwenye kifundo cha mkono wangu, skranchi ya mahameli, zambarau imekoza. Binti mdogo alinipa asubuhi, "Baba nishikie," nikashika.

"Saa mpya hiyo?" bosi akauliza.

Nikaona nijitetee kisomi. Nikawaeleza yote, hataza ya 1987, suruali ya lastiki, mpaka nilipofika kwa mbwa ndipo kicheko kikalipuka.

Kikao kilipokwisha, dada mmoja wa uhasibu akanifuata mlangoni, nywele kazikusanya kwa mkono mmoja. "Kaka, ule wangu umekatika. Niazime huo wako mpaka kesho." Nikautoa nikampa, utamnyimaje mtu mwenye shida?

Sasa niko njiani narudi nyumbani. Natunga namna ya kumweleza mke wangu kwamba skranchi iliyotoka nyumbani mkononi mwangu, saa hizi iko kichwani kwa dada wa uhasibu.