Usimfiche mteja duka la jirani

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya duka la magari ya kuchezea hapa Nakuru, napekua magari yaliyofungwa kwenye kadi zilizoning'inia ukutani. Kijana mmoja akaingia akauliza kama kuna Datsun 240Z. Mwenye duka hakuinua hata macho. "Hiyo haiko. Hii Kenya huwezi kuipata." Kijana akashukuru, akatoka. Na gari lipo! Liko kwenye kabati la kioo la duka lingine, barabara hiyo hiyo, na bwana yule anajua, kwa sababu tuliwahi kulizungumzia mimi na yeye. Nimekasirika tangu siku hiyo.

Kijana hakuingia kutafuta gari lolote tu. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally mwaka 1971 kwa 240Z, na Shekhar Mehta akarudia 1973. Sisi wa kaunti hii, ambao tangu 2021 tunaona mbio za dunia zikitimua vumbi Naivasha, gari hilo ni historia yetu. Ukimdanganya mtu kwamba halipo nchini, anaagiza mtandaoni kwa simu usiku huo huo, na akishazoea huko harudi kwako wala kwa jirani.

Wenye maduka, tuongee kuhusu katoni. Katoni ya kawaida ya Hot Wheels, chapa ya magari madogo ya kuchezea, ina magari 72, mchanganyiko, na wewe huchagui kilichomo. Mnajua kinachofuata. Datsun, Porsche na Skyline zinaisha siku ile ile. Yale yenye sura ya papa na dinosau yanabaki kwenye ndoano mpaka kadi zinapauka kwa jua la dirishani, na pesa yako imelala pale pamoja nayo. Lakini duka linalotegemea wazazi na watoto wanaotoka shule linauza dinosau kutwa, wala halina haja na Skyline. Basi nunueni katoni watu watatu, kila mmoja achukue kinachotembea kwake. Kilichokwama Nakuru kipandishwe shatoo asubuhi, mchana kiko Kisumu, hela inarudi kwa M-Pesa kabla dereva hajanywa chai. Mnangoja nini?

Na msiniambie haiwezekani. Kuna mama mwenye duka Kisumu anayefanya hivyo na mwenzake wa Nakuru. Ana daftari la mistari, jalada limeshikwa kwa selotepu. Upande wa kushoto ameandika mteja na gari analotafuta, upande wa kulia duka lililo nalo. Ukimuuliza kitu asicho nacho, anapitisha kidole kwenye orodha, kisha anapiga simu mbele yako. "Dada, ile Celica bado unayo? Niwekee, kuna mtu wangu." Mauzo hayo hayamwingizii hata shilingi. Lakini mimi nikitaka kitu chochote, hata kiwe kwa nani, naanzia kwake, na ni nadra kutoka pale mikono mitupu. Wakusanyaji wote ninaowafahamu Kisumu wanafanya vivyo hivyo. Uaminifu wa namna hiyo huwezi kuununua kwa tangazo.

Nakubali, shingo upande, kwamba kodi haijui undugu. Mwezi ukiisha mwenye nyumba hakuulizi ulimsaidia nani. Ila kumficha mteja hakujawahi kumlipia mtu kodi.

Wapo pia wanaosema kushikana mikono ni kwa wanyonge, mkubwa hujitegemea. Nakumatt, ile supamaketi, ilianzia hapa hapa Nakuru na magodoro, ikaenea Afrika Mashariki, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Toys "R" Us, wauzaji wa vitu vya kuchezea, nayo ilifunga maduka yake yote ya Marekani mwaka 2018. Ukubwa haukuwaokoa.

Na akina mama wa mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu, je? Hao nao ni wenye maduka, hata kama duka ni turubai. Kwenye vitu vya kuchezea vilivyotumika hutokea magari ya zamani ya chapa ya Matchbox. Ukiligeuza gari, chini kwenye chuma unasoma Lesney, England, kampuni iliyoyatengeneza, ikafilisika 1982. Muuzaji hana habari. Mwenye duka anayejua anailipia bei ya peremende, anaenda kuipanga kwenye kioo na kuiuza kwa maelfu. Inaniuma sana hiyo. Mwambie mama anachouza, mlipe vizuri, na siku akipata nyingine atakuwekea kabla hajaimwaga chini na wengine.

Kuhusu wale wanaofagia ndoano zote asubuhi wakauze mtandaoni kwa bei mara tatu: gari moja la aina moja kwa mtu mmoja, na maduka yote yashike msimamo huo huo. Duka moja likilegea, kazi bure.

Nasi wanunuzi tuna wajibu. Ukielekezwa duka la pili na mwenye duka la kwanza, ukifika sema ni nani aliyekutuma, ili ajue wa kumrudishia wema. Na ukipita tena kwa yule aliyekutuma, nunua chochote, hata kama ni lile dinosau lililopauka.