Shorumu Usiipeleke Kwenye Umati

Mtu akikusanya mtaji wa kufungua shorumu hapa Kampala, iwe ya samani, vigae, taa au vyombo vya bafuni, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kwamba atafute penye watu wengi. Ataelekezwa Ben Kiwanuka Street, Luwum Street, William Street, kokote karibu na stendi za teksi, yaani mabasi madogo ya abiria, kwa sababu huko watu hawakatiki tangu alfajiri hadi usiku. Mimi nauza vifaa vya kumalizia nyumba, na ushauri huo naupinga waziwazi. Umekula mitaji ya watu wachapakazi ambao bidhaa zao hazikuwa na kasoro yoyote.

Umati wa katikati ya mji upo, sibishi. Lakini tazama watu wale wanahangaikia nini. Huyu ameshuka stendi ya teksi, anakimbilia maduka ya jumla ya Kikuubo kuchukua katoni za sabuni arudi nazo Mityana kabla ya giza. Yule anatafuta shati la shule la mtoto. Mwingine anapita tu kwenda kupanda teksi ya Ntinda. Kwa muuza soksi, chaja za simu au maji baridi, umati huo ni riziki, maana mtu huamua papo hapo na kutoa noti. Seti ya sofa haiamuliwi hivyo, wala vigae vya nyumba ya vyumba vinne.

Mteja wa shorumu huja zaidi ya mara moja kabla ya kufungua pochi. Kwanza huja peke yake na picha aliyoiona TikTok, anauliza bei, anapiga picha zake, anaondoka. Kisha humleta mwenzake, mara nyingi Jumamosi mchana au Jumapili baada ya ibada. Wakati mwingine huja na fundi, na neno la fundi lina uzito kuliko la muuzaji. Hivi karibuni walikuja baba na mama wanaojenga Namugongo. Mama aliinua kigae cha kijivu, akakitoa hadi barazani, akakilaza kwenye jua, akakimwagia maji ya chupa yake na kukisugua kwa soli ya kiatu aone kama kinateleza. Baba alikuwa kwenye simu na fundi wakihesabu maboksi. Mtoto wao alilala ndani ya gari mbele ya mlango, vioo vimeshushwa, nao wanamwona. Wakakaa karibu saa nzima, wakaaga bila kununua. Siku chache baadaye walirudi na pikapu.

Sasa wapeleke watu hao katikati ya mji. Baba angezunguka mtaa akitafuta pa kuegesha, na hata akipata angewaza muda wote kama atakuta gurudumu limefungwa na wasimamizi wa maegesho. Mama angepanda ghorofa ya tatu ya akedi, jengo la maduka mengi, kwa ngazi zilizojaa marobota. Kigae angekitazama chini ya taa kali za dukani asijue rangi yake ya kweli. Na wakishakubaliana, maboksi yale mazito yangeshushwa ngazi hizohizo mgongoni mwa wapagazi, huku pikapu ikisubiri mahali pasiporuhusiwa kusimama. Mteja wa namna hii hagombani nawe wala hakulalamikii. Anasema atarudi, na hutamwona tena.

Kwa hiyo anayetafuta mahali na aanze na swali la nani anajenga, na anajenga wapi. Sensa ya mwaka 2024 ilikuta Kampala ina wakazi karibu milioni 1.8, na Wilaya ya Wakiso inayoizunguka ina zaidi ya milioni 3. Mwaka 2014 Wakiso ilikuwa na watu milioni 2 hivi. Maana yake watu wanafanya kazi mjini lakini wanalala, wanalea na wanajenga nje: Kira, Najjera, Kyanja, Gayaza, Matugga, Nansana, Kajjansi, na kuvuka hadi Seeta na Mukono.

Hata hivyo, kusema Wakiso hakutoshi, kwa sababu hapa kwetu nyumba hujengwa kidogo kidogo. Mtu humwaga msingi mwaka huu, akapandisha kuta mwakani, akaezeka akipata, kisha nyumba ikasimama na mbao madirishani hadi ada za watoto zipungue. Hili ndilo jambo ambalo wenye shorumu wengi hawalipimi. Eneo lenye misingi mitupu ni la muuza saruji na nondo, si lako bado. Ukiwahi mno utalipa kodi ya pango ukisubiri wateja ambao bado wananunua matofali. Eneo ambalo mapaa yameshaezekwa na kuta za nje hazijapigwa plasta ndilo la muuza vigae, milango na masinki. Ukikuta mageti yamepakwa rangi na mapazia yanaonekana madirishani, hapo ni pa samani na taa. Panda bodaboda, ingia barabara za ndani, utazame nyumba zenyewe. Saa moja ya kuzunguka Kyanja au Namugongo kwa macho ya namna hiyo ina faida kuliko maneno ya dalali, ambaye chake ni kodi ya mwezi mmoja akishakufungisha mkataba.

Ukishapata eneo, chunguza upande wa barabara. Uganda tunaendesha kushoto. Anayetoka kazini jioni kwa Jinja Road kuelekea Bweyogerere na Mukono anaona na kuingia kirahisi maduka yaliyo kushoto kwake. Yaliyo kulia ni ya wanaokwenda mjini asubuhi, na asubuhi hakuna anayesimama kuangalia kabati. Kila mtu anakimbizana na saa ya kazi. Duka mbili zinazotazamana, kodi moja, zinaweza kupishana sana kwa mauzo kwa sababu hiyo tu. Tena angalia kama kati ya barabara pana kizuizi. Barabara ikipanuliwa na kutenganishwa, mteja wa upande wa pili atalazimika kwenda mbele mpaka apate pa kugeuzia, na wengi hawageuzi.

Vilevile, barabara iendayo kasi isikudanganye kwa wingi wa magari. Barabara ya malipo ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018 na kuanza kutoza mwaka 2022, ni pana na nzuri, lakini aliyeshalipa shilingi 5,000 ili awahi hana pa kusimama wala hataki kusimama. Wateja wamebaki barabara ya zamani, ya Namasuba, Zana na Kajjansi, ambako gari linatambaa na abiria ana muda wa kusoma kibao chako. Northern Bypass nayo, kilomita 21 kutoka Busega hadi Bweyogerere, inapitisha magari mengi, ila pa kushukia ni kwenye makutano. Shorumu iliyo karibu na makutano ya Naalya inafikika. Iliyo katikati ya makutano mawili inaonekana tu.

Kuna kipimo kimoja ambacho mimi nakithamini kuliko vyote, nacho hakigharimu kitu. Mpigie simu mtu asiyejua eneo, umwelekeze kwa sentensi moja. Kampala hatuelekezani kwa namba za nyumba. Tunasema shuka steji fulani, mkabala na petroli, jengo la buluu. Kama konda wa teksi anaita jina la steji yako, na ukishuka tu unaiona shorumu, umepata mahali. Ukihitaji kusema ingia kichochoro cha pili, vuka mfereji, uliza wenye bodaboda, umeshampoteza yule aliyekuona kwenye simu yake saa tatu usiku akakutumia ujumbe akiuliza uko wapi. Siku hizi wengi wanaanzia mtandaoni, na wapo wanaodhani kwa sababu hiyo mahali hapana maana tena, maana kizuri chajiuza. Kinajiuza, ndiyo, lakini kwanza mtu akifikie akishike.

Kuhusu washindani, nasema kaa nao. Anayetaka kuchapisha kadi za harusi anakwenda Nasser Road bila kufikiria, anayetafuta vipuri vya gari anakwenda Kisekka, mbao Ndeeba, vitambaa Kiyembe, vyuma Katwe. Mitaa hiyo imekuwa na jina kwa sababu wauzaji walikubali kukaa jirani. Mtu anayenunua kitu kikubwa anataka kulinganisha bei na ubora kabla ya kulipa, na akijua mahali pana shorumu kadhaa atatenga siku aende. Ukijitenga ili usishindane, utashindana na safari yake, na hiyo ni ngumu kuishinda.

Maduka makubwa ya kisasa sitayazungumzia sana. Yana maegesho, ulinzi na usafi, na kwa bidhaa za bei ya juu yanafaa. Ila ukiingia kwa kutegemea watu wanaovutwa na supamaketi iliyo ndani, kumbuka kwamba Nakumatt ilianguka na Shoprite ikatangaza mwaka 2021 kuondoka Uganda. Wapangaji wadogo waliokuwa karibu nazo walibaki na kodi ileile.

Jua na maji ni mambo ambayo dalali hatakutajia. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mlango unaotazama magharibi unapigwa na jua alasiri nzima, mwaka mzima. Ngozi ya sofa inapasuka, kitambaa kinapauka, na mwisho mwenye duka anatundika turubai mbele ya kioo kilekile alichokilipia ili bidhaa zionekane. Tafuta mbele inayotazama kaskazini au kusini, au yenye baraza pana. Maji nayo huteremka kutoka vilima vyetu hadi bondeni, na mabondeni ndiko kodi ilikoshuka. Bwaise inajulikana, Clock Tower inajulikana, na mfereji wa Nakivubo ukifurika kila mtu mjini anajua. Mahali usipopajua, tazama vizingiti vya majirani. Ukikuta wameinua mlango kwa tofali mbili tatu za saruji, au ukuta una mstari wa kahawia chini ya dirisha, wameshakujibu kabla hujauliza. Magodoro na mbao za MDF, zile za unga wa mbao ulioshindiliwa, zikinyonya maji mara moja hazifai tena.

Kuna wateja ambao kwao katikati ya mji panafaa kabisa, na haki yao niwape. Ni wafanyabiashara kutoka Kongo na Sudan Kusini. Wale wa Beni, Bunia na Butembo huko Kongo tunaongea Kiswahili tangu mlangoni, mzee akikuita ndugu na wewe ukimwita papa, bei inapatikana bila mkalimani. Wanafika kwa basi, wanalala nyumba za wageni karibu na stendi, wananunua kwa jumla na mzigo unapakiwa usiku kuelekea mpaka wa Mpondwe. Hawa hutawatoa mpaka Kyanja kwa neno lolote. Ukiwalenga wao, kodi chumba kidogo cha sampuli karibu na wanakolala, kipande kimoja kimoja cha kila aina, na stoo uiweke nje ambako lori linaingia. Lakini hapo umeamua kuwa muuzaji wa jumla, na hesabu zako ziwe za jumla.

Mwisho ni mkataba, na kwa shorumu mkataba una uzito kuliko kwa duka la kawaida. Anayeuza nguo akifukuzwa anafungasha mabegi. Shorumu ya vigae inajengewa mabafu ya mfano ndani ya kuta, mabomba yamepita, taa zimechimbiwa darini. Kuhama ni kuvunja. Kwa hiyo usikubali mwaka mmoja mmoja. Omba miaka mitano yenye haki ya kuongeza, na iandikwe ni nani atabaki na kile ulichojenga. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inasema kodi iwe kwa shilingi isipokuwa pande zote zikikubaliana vinginevyo, na isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Wenye majengo wengi wa maeneo ya bei ya juu watakuletea karatasi iliyoandikwa dola. Wewe unauza kwa shilingi, basi dai shilingi, na uulize kama bei uliyotajiwa imeshajumuisha VAT ya asilimia 18 na gharama za ulinzi na usafi wa jengo, kwa sababu mara nyingi haijajumuisha. Ukidaiwa kilemba, yaani fedha ya kupewa chumba kando ya kodi, dai risiti yake. Uliza pia kama sehemu ya mbele ya jengo iko ndani ya hifadhi ya barabara. Zamani ungeuliza UNRA, mamlaka ya barabara za taifa. Sasa kazi hiyo iko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na ndani ya mji nenda KCCA, mamlaka ya jiji. Maegesho yako yote yanaweza kuwa kwenye ardhi ya barabara, na siku tingatinga likija utabaki na shorumu nzuri isiyo na pa kusimamisha gari. Majibu hayo yapate kwa maandishi, mwanasheria wako ayasome pamoja na mkataba, ndipo dalali apewe chake.