Jemani gani huyo? Nionyeshe mama yake kwanza

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma, nyumba zinapanda Nzuguni, Ilazo na Mtumba, na kila ukuta ukikamilika mwenye nyumba anatafuta mbwa. Baada ya wiki anatuma picha: kijibwa kimekaa kwenye vumbi jekundu, chini yake swali, "Ni mbegu gani huyu?" Majibu yanamiminika. Jemani. Hapana, Rotwaila. Huyo ana Ridgeback, tazama mgongo. Mimi nasema wote wanabahatisha, na anayebahatisha kwa uhakika kuliko wote mara nyingi ndiye aliyemuuza.

Mbegu haikai kwenye sura, inakaa kwenye daftari. Ng'ombe wa Mpwapwa ana jina lake kwa sababu wataalamu wa mifugo wa pale walichanganya zebu wa kwetu, yaani ng'ombe wa nundu, na Sahiwali, ng'ombe wa maziwa wa Asia Kusini, na damu nyingine, wakawa wanaandika nani kazaa na nani, kizazi baada ya kizazi. Kwa mbwa ni vilevile. Pasipo maandishi ya wazazi na mababu unabaki na rangi, masikio na mkia, na vyote vitatu ni mashahidi wa uongo.

Rangi ndiyo inayouza, basi tuanze nayo. Kijibwa cheusi chenye kahawia miguuni na vidoa viwili juu ya macho kitaitwa Rotwaila kabla hakijavuka geti. Mchoro huo hurithiwa kwa kujificha: baba na mama wanaweza kuwa wekundu wote wawili, kila mmoja amebeba kinasaba kimoja kisichoonekana, na mtoto aliyepata viwili akatoka mweusi mwenye vidoa. Rotwaila anao, Dobaman anao, Basenji wa Kongo anao, na mbwa anayechunga mbuzi za Wagogo huko Chamwino anaweza kuwa nao pia. Mkia mfupi ndio kabisa. Rotwaila huzaliwa na mkia mrefu, unakatwa siku chache baada ya kuzaliwa. Mkia uliokatwa unakuambia tu kwamba kulikuwa na mtu mwenye wembe.

Masikio yanachanganya zaidi, kwa sababu yanageuza hoja juu chini. Mnunuzi anaona kijibwa cha wiki nane, masikio yamesimama wima, anafurahi: Jemani huyo! Lakini Jemani wengi wa umri huo masikio bado yamelala, au moja limesimama na jingine limeinama, na huendelea kubadilika mpaka meno yabadilike, miezi minne au mitano hivi. Masikio madogo, membamba, yaliyosimama mapema juu ya mwili mwepesi yanaelekea zaidi kwa mbwa wa kienyeji.

Mstari wa nywele zinazoelekea mbele mgongoni, alama ya Ridgeback, una hadithi yake. Mtoto akiupata kwa mzazi mmoja tu unaonekana, kwa hiyo unaweza kubaki kwenye ukoo muda mrefu baada ya umbo jingine lote la Ridgeback kuyeyuka. Halafu Ridgeback mwenyewe aliurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Nani sasa ana damu ya nani?

Anayedhani chotara huwa nusu baba nusu mama kwa sura, aangalie majaribio ya wanasayansi Scott na Fuller kule Marekani, yaliyochapishwa 1965. Walipandisha Basenji na Koka Spanieli, mbegu mbili zinazojulikana kabisa, na watoto wa kwanza ungewaona njiani usingemtaja mzazi hata mmoja.

Wengine wanauliza kipimo cha vinasaba cha mate. Kipimo hicho hulinganisha mbwa wako na mbegu zilizomo kwenye kumbukumbu za maabara, ambazo nyingi ni za Ulaya na Marekani. Mbwa wa kienyeji hakutokana na mbegu hizo kuchanganyika. Utafiti wa 2009 uliopima mbwa wa vijijini Misri, Uganda na Namibia ulikuta kwamba wa Misri na Uganda kwa sehemu kubwa ni wa ukoo wa asili, na damu ya kigeni ilionekana zaidi Namibia. Ukipeleka mate ya mbwa wa Kongwa, mashine inaweza kukutajia vipande vya mbegu tano kwa sababu tu haina jina lake. Hela hiyo nunua chanjo.

Kinachojulikana kwa uhakika zaidi ni umri na ukubwa, na hivyo ndivyo mwenye nyumba anavyovihitaji.

Umri uko mdomoni. Inua mdomo wa juu. Meno ya mbele ya utotoni hutoka kati ya wiki ya nne na ya sita, na kijibwa cha wiki nane huwa na meno yake 28 karibu yote, membamba na makali kama sindano. Ukikuta ufizi una mapengo, macho bado yana ubuluu na mwendo ni wa kuyumba, huyo hajafika wiki sita hata muuzaji akiapa kwa bibi yake. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kuingia karibu miezi minne, machonge hufuata, na ikifika miezi saba meno 42 yametimia.

Ukubwa unataka mizani. Ile ya kuning'iniza ya muuza nyama inatosha: mtie kijibwa kwenye kikapu, soma, toa uzito wa kikapu. Pima asubuhi kabla hajala, mara moja kwa wiki, andika. Mbwa mdogo au wa kati akifika miezi minne yuko karibu nusu ya uzito wake wa ukubwani. Mkubwa hufika nusu kwenye mwezi wa tano. Kwa hiyo kijibwa chenye kilo 6 miezi minne kitaishia kilo 12 au 14, wakati Jemani wa umri huo anapaswa kuwa amepita kilo 14. Hapo ubishi umekwisha bila kugusa rangi.

Hesabu hii huharibiwa na minyoo. Tumbo la duara kama kibuyu, mbavu zinaonekana, manyoya hayang'ai: hapo unapima minyoo na njaa. Mpe dawa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, na umwekee dagaa kwenye ugali. Ugali mtupu unamfanya mbwa yeyote aonekane wa mbegu ndogo.

Na mama yake? Mwone akiwa amesimama, ananyonyesha, kwake. Ukubwa wake ndio kidokezo bora ulicho nacho. Baba usimtegemee hata akionyeshwa kwa mnyororo: jike huwa kwenye joto kama wiki tatu, na watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Muuzaji anayekutana nawe stendi na boksi, mama "yuko Arusha", anauza boksi.

Kadi ya chanjo ina mstari wa aina. Andika "kienyeji" au "chotara" bila aibu, halafu tumia wino kwenye alama: dume, mwekundu, soksi nyeupe mguu wa nyuma kulia, ncha nyeupe mkiani. Chanjo ya kichaa cha mbwa ianze akifika miezi mitatu, tarehe iandikwe. Siku akimng'ata mtoto wa jirani na ikabidi achunguzwe siku 10, mtaalamu wa mifugo atauliza kadi hiyo na tarehe hiyo.