Heri Bomba Lililoganda

Mdogo wangu anaishi Minneapolis, Marekani, na wiki hii ukoo mzima haulali kwa sababu bomba lake la jikoni limeganda. Mama ndiye aliyelitangaza kwenye kundi la WhatsApp la familia, kwa ujumbe wa sauti wenye kwikwi: "Wanangu, ndugu yenu hana maji." Shangazi akaweka mikono ya dua. Mjomba wa Morogoro, ambaye tangu nimjue hajawahi kuchangia hata salamu, akauliza pesa zitumwe namba gani.

Mimi niko Kimara, Dar es Salaam. Bomba langu halijatoa tone tangu mwezi uanze. Mikono ya dua ya kwangu iko wapi?

Sina kinyongo na mtoto wa mama yangu. Huko ni Januari, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwao hiyo ni baridi ya kwendea dukani. Alinipigia mwenyewe, shikamoo kaka, marahaba, akaanza kunifundisha. Maji yakiganda yanavimba, yanataka nafasi zaidi kwa karibu asilimia 9. Yakigandia kwenye bomba lililopita ukuta wa nje, hayana pa kuvimbia, presha inapanda, bomba linapasuka. Tena linaweza kupasuka usijue, maana barafu yenyewe imeziba. Utajua joto likirudi, dari likianza kukunyeshea ukiwa sebuleni.

Nikamwambia pole. Ila tangu aliposema maji yamo ndani ya bomba, masikio yangu hayakutoka hapo. Yamo! Yamesafiri, yamefika, yameingia nyumbani kwake, basi tu yamelala. Ya kwangu sijui hata yamelala kwa nani.

Akaendelea. Eti baridi ikizidi, wenyeji wanashauri uache koki wazi kidogo usiku kucha, maji yadondoke, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi upesi. Watu wazima na akili zao wanadondosha maji hadi asubuhi, kwa makusudi, na mwenye nyumba anawasifu! Huku kwetu ukidondosha hivyo wapangaji wenzako wanakuitisha kikao.

Na mimi naacha koki wazi usiku kucha, ila yangu ni ya kuvizia. Chini yake nimetega ndoo ya bati. Ya plastiki haifai, haina kelele. Hiyo ndiyo kengele ya nyumba hii. Na maji yenyewe yakiamua kuja huja saa nane usiku, na hayaji kimyakimya. Kwanza koki inakohoa. Inapuliza, inatema kitu cha kahawia, inanyamaza kidogo isikilizie kama umeamka. Hapo mke wangu ameshajifunga kanga kifuani, yuko ukumbini anagawa majukumu: leta madumu, sogeza jaba, sufuria la pilau liko wapi, mwamshe mtoto tuchukue beseni analolalia paka. Mpaka chupa ya chai inajazwa. Ukijidai unapumzisha mgongo dakika moja, umelala na mgao umekupita.

Wakati koki inapuliza, toka nje umulike mita. Inakimbia! Inahesabu upepo! Fundi wangu anasema ni hewa iliyobaki kwenye mabomba, maji yakija nyuma yanaisukuma, na mita haichagui, ikizungushwa inazunguka. Maelezo mazuri. Kwa hiyo Kimara yote inapulizwa bure, isipokuwa mimi mwenye bili.

Kinachoniuma kuliko yote ni ramani. Maji ya mtambo wa Ruvu Juu yanatoka kule Mlandizi, yanashuka na Barabara ya Morogoro hadi kwenye matangi ya hapa hapa Kimara, kisha yanaendelea mjini. Yaani yananipita mlangoni yakienda kwa watu, na salamu hayanipi. Mwaka 2022 mto Ruvu ulipopungua, jiji likatangaziwa mgao, niliwaona watu wa mjini wamebeba ndoo vichwani wanalia. Nikawakaribisha. Wengine walikuwa hawajui hata kukunja kata ya kichwani.

Basi unapiga simu ya boza. Dereva wa boza ana jibu moja maisha yake yote: "Niko njiani, bosi." Njia ipi, hasemi. Akifika anasimama chini ya kilima, anasema gari halipandi, lete mpira. Mpira mrefu anao jirani, na jirani akikuazima anakuja nao na ndoo zake zote, kisha anasimama karibu na tangi akikuuliza habari za watoto. Kisima nacho kipo, lakini maji yake ya chumvi, unasugua sabuni mpaka inaisha, povu hulioni.

Mdogo wangu wakati huo yuko chini ya sinki. Amefungua makabati yote ili joto la nyumba liingie, amepiga magoti, analipuliza bomba kwa drai ya nywele ya shemeji, akianzia upande wa koki kurudi ndani. Moto wa wazi marufuku, unaweza kuunguza nyumba. Shemeji naye anataka kwenda kazini na nywele zimelowa. Nikacheka, nakiri nilicheka.

Akaona simuonei huruma ya kutosha, akanitolea mfano wa Texas, Februari 2021. Kule nyumba nyingi hazikujengwa kwa ajili ya baridi kali, ikawajia, umeme ukakatika, mabomba yakapasuka, watu wakawa wanazoa theluji uani na kuiyeyusha wapate maji ya chooni.

"Walizoa bure?"

"Kaka, ni theluji."

"Uani kwao? Bila boza? Bila mpira wa jirani?"

Akakata simu. Mtandao labda.

Nimewaza kuhamia Makete, Juni na Julai kule umande unaganda kwenye majani, mtu unaamka unakuta chochote. Hapa Dar usiku wa Julai ukishuka hadi nyuzi 19 tunavaa masweta, na bomba lenyewe halina hata cha kugandisha.

Jana Mama kanipigia. Ameamua tumchangie mwenzetu hela ya fundi, na mimi kama mkubwa nianze ili wadogo waone. Nikajikaza nikamwambia, "Mama, lakini hata mimi sina maji."

"Wewe si umezoea, baba."

Nimemtumia mjomba, ndiye anayekusanya. Akanipigia kuuliza mbona sikuweka ya kutolea.