Kabla ya kulipa diposti Nakuru, uliza maji

Ukioa au ukiolewa hapa Nakuru na kuanza kutafuta nyumba ya kulea mtoto, kila mtu ana ushauri wake. Milimani kama mfuko unaruhusu, Section 58, Naka, Kiamunyi; kama haziwezekani basi Free Area, Pipeline, Kiti au Shabab. Watabishana kuhusu kodi, usalama, lami na nauli ya kufika mjini. Tangu tutangazwe kuwa jiji mwezi Desemba 2021, wenye nyumba nao wamepata sababu mpya ya kupandisha kodi, kwa hivyo ubishi umenoga zaidi. Mimi naona wote wanaanzia mkiani. Anayetarajia mtoto mjini humu aulize kwanza maji ya hiyo nyumba yanatoka wapi.

Na siulizi kama yapo. Hilo utalijua siku ya kwanza.

Tunaishi ndani ya Bonde la Ufa, juu ya miamba ya volkano yenye madini ya floraidi. Maji yakikaa ardhini muda mrefu huyabeba, ndiyo maana visima vingi vya ukanda huu vinapita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Matokeo yake lakini tunayaona kila siku: meno yenye madoa ya kahawia, mengine yamemomonyoka kingo. Tumeyazoea hadi tunayafanyia mzaha, kwamba mtu wa Nakuru akicheka tu ameshataja kwao. Wanaocheka ni watu wazima. Tazama picha za darasa za shule zetu uone ni watoto wangapi wamebana midomo wakati wenzao wanatabasamu.

Kinachonifanya niweke maji mbele ya kodi ni umri. Meno ya kudumu hujijenga ndani ya ufizi tangu utotoni hadi kama miaka minane, na huo ndio wakati floraidi inapoyaharibu. Mtu mzima aliyehamia hapa na meno yake kamili anaweza kunywa maji yale yale miaka na miaka, meno yasibadilike. (Mifupa ni habari nyingine, nayo huchukua muda mrefu zaidi.) Kapera basi akae popote roho inapenda. Mtoto anayenyonya naye hana shida, kwa kuwa maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji ya kisima. Mambo huanza anapoonja uji, na kwa anayelelewa na maziwa ya kopo yaliyokorogwa na maji hayo, huanza siku hiyo hiyo ya kwanza.

Sasa nenda ukatazame nyumba. Fleti nyingi mpya zina kisima chake, kwa sababu maji ya kampuni huja kwa mgao na Bwawa la Itare kule Kuresoi, lililotarajiwa kutuokoa, lilikwama mwaka 2018. Kwa keteka, yule mtunza nyumba anayezionyesha, kisima ndicho kivutio kikuu. Mmoja alitupeleka jikoni kabla hata hatujaona vyumba vya kulala, akafungua mfereji hadi mwisho, maji yakaruka mpaka kwenye vigae, meupe na ya baridi.

"Madam, hapa maji hayapotei. Tuko na yetu, ya chini kabisa."

Nikamuuliza kama yamewahi kupimwa floraidi.

"Si mtachemsha tu?"

Jibu hilo nimelisikia pia kwa mwalimu, kwa shangazi yangu na kwa muuza duka la dawa. Kuchemsha kunaua viini, hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani madini yanabaki yote, kwa hivyo unampa mtoto makali zaidi. Dawa ya klorini haiyagusi. Vichujio vya kawaida vya nyumbani pia haviyaondoi. Kinachofanya kazi ni mkaa wa mifupa, ambao Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeutumia kwa miaka mingi kutengenezea vichujio, au zile mashine zinazosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, kama wanavyofanya baadhi ya wanaojaza mitungi ya lita 20 mtaani. Maji ya mitungi yana gharama, na gharama hiyo ni sehemu ya kodi hata kama haimo kwenye risiti ya mwenye nyumba. Maji ya kampuni nayo, kwa sehemu kubwa, ni ya visima, kwa hivyo usiyape alama za bure. Mwombe mwenye nyumba karatasi ya maabara. Akikosa, jaza chupa upeleke mwenyewe kabla ya kulipa diposti.

Sisi tuliamua kwa kutazama juu. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na Nakuru hupata karibu milimita 900 kwa mwaka. Paa la mita 60 za mraba linaweza kukupa zaidi ya lita 40,000, hata ukitoa zinazopotea na zile za kwanza unazoziacha zioshe vumbi la Januari na Februari. Kunywa na kupika kwa familia ndogo hakuzidi lita 20 kwa siku. Tangi la lita 5,000 likijaa, hizo ni siku 250. Mwenye chumba cha ghorofa ya tatu Section 58 hana paa la kukinga. Mwenye nyumba ya chini Kiamunyi, Ngata au Lanet analo.

Najua watakavyonijibu, maana mume wangu, anayeshinda mjini, alinijibu hivyo hivyo. Ni mbali. Mvua ya Aprili ni matope hadi mlangoni, na usiku unategemea boda. Upande wa Kiamunyi kuna siku upepo unaleta moshi wa jaa la Gioto, na kwa mapafu ya mtoto mchanga hilo si jambo dogo. Tazama nyumba wakati wa jioni, unuse. Mwariki na Baruti sikuzifikiria, baada ya kuona Ziwa Nakuru lilivyopanda na kuingia kwenye makazi ya watu. Lakini matope hukauka na nauli hubanwa mahali pengine. Jino likishatoka na doa, kinachobaki ni daktari wa meno wa kulipia.

Tukapata ya chini, Lanet. Mwenye nyumba alishangaa kwamba hatukubishania kodi, tulibishania gata, ile mifereji ya kukinga mvua kwenye paa. Alikubali tufunge zetu na kuweka tangi letu kwa sharti kwamba siku tukihama tangi ni letu, gata zinabaki zake, na mke wake, anayekaa ploti ya pili, awe anachota mtungi mmoja kila Jumamosi.