Kamati ya Michango Isivunjwe Mtoto Akirudi kutoka Upasuaji

Hapa Moshi tunajua kuchanga. Mtoto akigundulika ana tundu kwenye moyo, kufikia jioni kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina amepatikana, na namba ya kutumia hela imemfikia hadi shangazi aliyeko Mwanza. Mtoto anapelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, anafanyiwa upasuaji, anarudi. Ibada ya shukrani inafanyika, mbuzi anachinjwa, mapato na matumizi yanasomwa, na kamati inavunjwa.

Ugomvi wangu uko hapo kwenye kuvunja kamati.

Maana baada ya miezi kadhaa mama anaulizia nauli ya kumrudisha mtoto kupigwa eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na jibu analopata nimelisikia mara nyingi: "Mama Junior, si mtoto ameshapona? Juzi tu nimemwona anakimbiza mpira. Mnaenda kutafuta nini tena?" Anayeuliza hana roho mbaya, tena pengine alichanga kuliko wote.

Eko ya kwanza haina mbishi. Kila mtu anaelewa kwamba daktari hawezi kufungua kifua akabahatishe. Nimewahi kukaa na mpwa wangu kwenye chumba cha kipimo hicho. Mtoto analazwa ubavu wa kushoto, taa inapunguzwa, anapakwa jeli, kisha mpimaji anasogeza kifaa taratibu katikati ya mbavu. Kuta za moyo zinaonekana kwa kijivu, halafu anabonyeza kitufe na damu inatokea kwa nyekundu na bluu. Wengi wetu tuliokaa pale tunadhani nyekundu ni damu safi na bluu ni chafu. Sivyo. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, bluu ni inayokwenda mbali nacho. Penye tundu au njia iliyobana damu inapita kwa kasi, rangi zinavurugika, na kutokana na kasi hiyo mpimaji anakadiria presha.

Na presha hiyo inaamua mengi. Tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo likiachwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, presha ya humo hupanda, na hufika mahali ambapo kuliziba ni hatari kuliko kuliacha. Kwa hiyo picha ya kabla inasema tundu liko wapi, na inasema pia kama muda bado upo.

Sasa ya baada. Kiraka cha kuziba tundu kikishashonwa, damu inaweza kuendelea kupenya kidogo pembeni yake. Mara nyingi upenyo huo huziba wenyewe, ila kumtazama mtoto akicheza hakukwambii kama umeziba. Aliyepanuliwa mshipa mkuu wa damu uliobana, mshipa unaweza kubana tena na presha ya mwili ikapanda kimya kimya.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wenye tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, watoto wanaobadilika rangi midomo na kucha wakilia. Kwenye eksirei moyo wao mara nyingi una umbo la buti. Upasuaji wa kuurekebisha moyo huo kikamilifu ulianza mwaka 1954 kule Minnesota, Marekani, na watoto waliorekebishwa enzi zile walipokua ndipo madaktari wakaona deni lililobaki. Ili kufungua njia ya damu kwenda mapafuni, vali ya pale, yaani mlango wa damu, mara nyingi huachwa ikivuja. Chumba cha chini cha upande wa kulia wa moyo kinapokea damu inayorudi, kinatanuka mwaka hadi mwaka, na mwenyewe anakwenda shule kama kawaida. Akianza kuchoka, huenda chumba kimeshatanuka kupita kiasi. Vali mpya inatakiwa iwekwe kabla ya hapo, na kinachomwonyesha daktari wakati wake ni picha.

Kadiri mtoto anavyokua ndivyo eko inavyopata shida kukiona chumba hicho vizuri, kwa sababu mawimbi ya sauti hayapiti penye hewa ya mapafu. Ndiyo maana kijana anaandikiwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, inayopima ujazo wa chumba na kiasi cha damu kinachovuja, bila mionzi. CT, eksirei inayounganishwa na kompyuta, ni ya haraka zaidi na inaonyesha mishipa vizuri, ila ina mionzi. Wapo wanaokataa MRI eti nyaya zilizofunga mfupa wa kifua zitavutwa na sumaku. Nyaya hizo kwa kawaida hazizuii kipimo. Wazitaje tu, wapimaji wajue, basi. Mwenye betri ya moyo, ile inayoongoza mapigo, ndiye lazima aseme mapema, maana kwake kuna utaratibu wake.

Ninachokitaka kwa kamati zetu ni kidogo. Siku ya kupanga bajeti, pamoja na nauli ya Dar na chakula cha mama wodini, kuwe na mstari wa marudio: nauli, eko, na miaka ikienda, MRI. Fedha hiyo ikae kwenye akaunti, isiliwe kwenye shukrani. Eko nyingine zinaweza kufanyika hospitali ya KCMC hapahapa Moshi, daktari akiridhia, na safari ya usiku kucha ikaepukwa.

Na mzazi adai nakala: ripoti ya upasuaji inayoeleza nini kilishonwa wapi, pamoja na picha zenyewe kwenye CD, siyo karatasi ya majibu peke yake. Ripoti aipige picha kwa simu, amtumie na baba mdogo. Binti aliyepasuliwa akiwa na miaka minne atakuja kubeba mimba siku moja, labda Arusha, labda Tunduma, na daktari atakayeliona kovu kifuani atataka kujua vali ilikuwaje mara ya mwisho.