Machozi ya Mahari

Katika ukoo wetu mimi ndiye msemaji. Kijana akitaka kuoa, ninavaa koti, ninatangulia mbele, ninabishana na wakwe mpaka ng'ombe wapungue. Sisemi kwa majivuno. Kawaulizeni wakwe zetu wa Sake, mpaka leo wananinunia.

Sasa, siku ya mahari ya mpwa wangu ikanikuta na mafua. Anayeijua Goma wakati wa kiangazi anajua: vumbi jeusi la mawe ya volkano linaingia hata kwenye chakula kilichofunikwa, mtaa mzima unapiga chafya, huwezi kujua nani mgonjwa na nani amepitwa tu na lori. Yangu yalikuwa mafua hasa. Pua zimeziba zote mbili, na msemaji mwenye pua iliyoziba ni balaa, maana M inageuka B. Nilijaribu hotuba yangu mbele ya mama watoto: "Mimi ndiye mjomba wa kijana." Ikatoka: "Bibi diye bjoba wa kijada." Alicheka mpaka akaacha mboga ya sombe iungue.

Alipomaliza kucheka akataka kunifukiza: majani ya mkaratusi yachemke kwenye sufuria, uinamie mvuke, ufunikwe blanketi, utoke umelowa jasho. Dawa ya mababu, tunasema, ingawa mti wenyewe umetoka Australia na huku kwetu watu wanaupanda kwa ajili ya mbao na makaa ya kupikia, pua zinakuja mwisho. Lakini shati lilikwisha pigwa pasi na motari, dereva wa pikipiki, alikuwa nje anapiga honi.

Ndipo dada wa bwana harusi akanitolea kichupa cha kahawia, kidogo kama kidole gumba. Mafuta ya mkaratusi.

"Mjomba, tone moja kwenye kitambaa, halafu unusie kwa mbali. Moja tu!"

Kile kichupa kilikuwa na kizibo cha plastiki chenye kitundu. Unakiinamisha, hakitoki kitu. Unatikisa, hakitoki kitu. Unasubiri, linakuja tone moja, linaning'inia pale mdomoni likitafakari. Honi nayo haikomi. Nikaking'oa kizibo kwa meno, na nusu ya chupa ikaingia kitambaani. Mtu anaweza kusema ni mafuta kidogo tu. Basi ajue kwamba kilo 100 za majani mabichi mara nyingi hazitoi hata kilo 3 za mafuta hayo. Yaani mfukoni nilibeba kilima kizima cha Masisi.

Tukafika Himbi, kwa wakwe. Viti vimepangwa, soda ziko mezani, kasiksi ya wazee, pombe ya ndizi, iko pembeni. Msemaji wao, mzee wa kofia, akasoma orodha: ng'ombe sita, mbuzi, suti ya baba, vitenge vya mama, blanketi la bibi. Nikasimama kujibu. Pua ikaanza kuvuja, nikatoa kitambaa, nikajifuta pua. Kisha, kwa mazoea tu, nikajifuta na macho.

Jamani.

Mimi niliona lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ikipita katikati ya mji na kula nyumba yangu, bati kwa bati, na sikulia. Mwaka 2021 mlima ukatema tena, tukakimbia usiku na magodoro kichwani, sikulia. Siku hiyo nililia. Machozi yalitiririka mpaka kwenye kola. Na mtu akilia anafanya nini? Anajifuta. Kwa kitambaa kipi? Kilekile.

"Bibi..." nikaanza. "Gobe sita..." Nikashindwa.

Ukumbi ukanyamaza. Mama mmoja wa upande wao akasema, "Muzee, pole. Usilie hivyo, bana." Mdogo wangu, aliyekaa kiti cha jirani, akanivuta koti na kunong'ona: "Kaka, endelea hivyohivyo, wameanza kulegea."

Mzee wa kofia akainuka, akaja kunishika bega. Kumbe naye alikuwa na mafua. Harufu ikampiga. "Hii inanukia vizuri," akasema, akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akakizamisha usoni, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyekosa hewa tangu juzi. Alipokitoa, macho yake yalikuwa mekundu na midomo inatetemeka.

Wasemaji wawili, wa pande mbili, tumeshikana mabega tunalia. Bibi wa binti akamkumbuka marehemu mume wake, akaangua kilio. Shangazi za binti wakamfuata. Mzee wa kofia akapaza sauti katikati ya kwikwi: "Nne! Ng'ombe wanne wanatosha! Hawa ni watu wenye roho!"

Asiyelia alikuwa mmoja tu, shangazi mwingine wa binti, muuguzi. Akakiokota kitambaa, akakinusa kwa mbali, akatutazama. "Hawa hawalii," akasema. "Hawa wamejipaka."

Akatutoa nje wote wawili kama watoto. Macho alituosha kwa maji safi, mengi, dumu zima. Ngozi ya uso akaifuta kwanza kwa pamba yenye mafuta ya kupikia, maana mafuta hayasikii maji, ukinawa unayatembeza tu. Na mdomo wake haukupumzika. Mafua ni virusi, mafuta haya hayavitoi, mafua yataondoka yenyewe kwa wiki moja au zaidi kidogo. Ule ubaridi nao unaidanganya pua: unahisi upepo unapita wakati mlango bado umefungwa. Kisha sauti ikabadilika: "Kile kichupa umekiacha wapi? Mtoto akimeza kidogo tu, anaweza kupata degedege." Nikapiga simu nyumbani palepale. Kilikuwa juu ya meza, pamoja na kizibo chenye alama za meno yangu. Mama watoto akakifungia kabatini na kuniambia maneno ambayo hayahusu kichekesho hiki.

Tuliporudi ndani, vijana wa upande wao walikuwa wamechachamaa. Machozi yalikuwa ya dawa, wakasema, kwa hiyo ng'ombe warudi sita. Nikasimama kutetea: "Dedo la bzee halirudi dyuba!" Hakuna aliyeelewa.

Aliyeniokoa ni mzee wa kofia. Alisimama, macho yamevimba, kofia imekaa upande, akagonga fimbo chini. "Nani anasema mimi nililia kwa sababu ya mafuta? Mimi? Mzee mzima? Nililia kwa roho yangu! Nilisema wanne, ni wanne!"

Basi wakabaki wanne, na vigelegele vikapigwa.

Jioni, tukiagana getini, akanivuta pembeni, akatazama nyuma kuhakikisha hakuna anayesikia. "Mukwe," akasema, "hicho kitambaa usikifue. Niazime. Jumamosi ninakwenda Rutshuru kumuombea mjukuu wangu mke, na watu wa kule wanataka kumi."